Kujazia Siyo Kubadilisha

Kusini-magharibi mwa Tanzania kuna mito miwili, na yote miwili inaitwa Songwe. Wageni huichanganya kila siku. Wa kwanza ni ule ulio mpaka wetu na Malawi, unaoteremka hadi Ziwa Nyasa. Wa pili unapita magharibi ya jiji la Mbeya, unakatiza barabara kuu ya kwenda Tunduma, kisha unashuka kwenye bonde la ufa mpaka Ziwa Rukwa. Jina ni moja, lakini maji yake yana hatima mbili. Tone likiingia Nyasa lina njia ya kutokea: litapita mto Shire, litaingia Zambezi, na siku moja litafika Bahari ya Hindi. Tone likiingia Rukwa halina pa kwenda ila juu. Jua linalivuta, linageuka mvuke, na kila kitu lilichokuja nacho linakiacha palepale.

Mwalimu mzuri wa kutufundisha tofauti ya mito hii miwili ni tangi la samaki la sebuleni. Usicheke. Aliyewahi kufuga samaki kwenye kioo anajua kuna kazi mbili za maji ambazo ukizitazama harakaharaka zinafanana. Maji yamepungua, unachukua jagi, unaongeza mpaka yafike alama yake: hiyo inaitwa kujazia. Siku nyingine unachukua mpira, unavuta ndoo moja ya maji yaliyokaa, unakwenda kuyamwaga kwenye migomba, halafu unaweka ndoo moja ya maji mapya: huko ndiko kubadilisha. Ukimaliza kazi yoyote kati ya hizo, tangi limejaa vilevile na linang'aa vilevile. Jirani akipita hataona tofauti. Samaki ataiona, ila hana mdomo wa kusema.

Binadamu walihitaji miaka mingi sana kutambua kwamba hizi ni kazi mbili. Hebu tuipitie historia hiyo, manake mwisho wake unatupeleka kata ya Mbangala, wilaya ya Songwe, mahali ambapo mvua ikinyesha, maji yake yanafuata bonde la Rukwa.

Tuanzie Pwani, kwa sababu watu wengi wanadhani kufuga samaki ndani ya nyumba kumeletwa na Wazungu. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika lililojengwa kwa mawe na chokaa. Maji yalichotwa humo kwa kata. Ndani ya birika waliwekwa visamaki vidogo, na kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi wa mbu. Sasa sikiliza ufundi wenyewe: kwenye sakafu ya birika, mafundi walipachika bakuli la kaure kutoka Uchina. Mtu anaweza kudhani ni urembo tu, na kweli lilikuwa zuri. Lakini siku ya kusafisha, maji yote yakitolewa, bakuli lile lilibaki na maji kidogo, na visamaki vikajikusanya humo kusubiri birika lijazwe upya. Waswahili husema maji ya kifuu bahari ya chungu. Bakuli la kaure lilikuwa bahari ya dharura.

Fundi yule alijua jambo ambalo wenye vioo vya London walikuja kulitafuta baadaye sana. Alijua siku itafika maji yatoke, yasiongezwe tu, na mapema akamwandalia samaki mahali pa kungojea. Tena kila siku, kata ilitoa maji na mtungi ukaleta mengine. Birika lilibadilishwa kwa kutumiwa. Hakuna aliyehitaji ratiba, watu walikuwa wanaoga.

Tangi la kioo la mapambo halina bahati hiyo. Hakuna anayeoga kwa maji yake wala kuyapikia. Yanakaa. Na maji yakikaa na kiumbe hai, lazima mtu aamue ayafanye nini.

Mwaka 1832, Jeanne Villepreux-Power, mwanamke Mfaransa aliyekuwa akiishi Messina kisiwani Sicily, alitengeneza matangi ya kioo ili amchunguze mnyama wa baharini aitwaye argonauta, jamii ya pweza. Yeye alikuwa jirani na bahari, maji yapo. Shida ya kweli ya maji ilimkuta mwanamke mwingine, Anna Thynne, aliyekuwa akiishi katikati ya London. Mwaka 1846 alikwenda Torquay, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, akapenda matumbawe madogo aliyoyaona huko, akayachukua hai hadi nyumbani. London haina bahari. Mwanzoni aliagiza maji ya chumvi yaletwe kutoka pwani, akawa anayabadilisha mara kwa mara. Maji yalipokuwa adimu akapata wazo: yale yale ya zamani yamiminwe kutoka chombo kimoja kwenda kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Kazi hiyo ilichukua nusu saa, hata dakika 45, kila mara.

Aliyeifanya kazi hiyo hakuwa mwenyewe, alikuwa msichana wake wa kazi. Kumbukumbu za sayansi zina jina la bibi na majina ya matumbawe, lakini ile mikono iliyonyanyua vyombo imetajwa tu kama mikono ya mtumishi. Hata hivyo, ukiniuliza mimi pampu ya kwanza ya hewa katika historia ya matangi ya nyumbani ilikuwa nini, nitakujibu ilikuwa ni binti yule. Kila anayechomeka pampu yake ya umeme leo anarithi kazi yake.

Thynne aligundua pia kwamba akiweka mwani ndani ya chombo, maji yanakaa mazuri kwa muda mrefu zaidi. Na hapa historia inageukia kemia. Joseph Priestley na Jan Ingenhousz walikuwa wameshaonyesha, katika miaka ya 1770, kwamba mimea iliyo kwenye mwanga inaipa hewa uhai. Mwanakemia Robert Warington wa London akaamua kulijaribu jambo hilo ndani ya maji. Alichukua chombo cha galoni 12, yaani kama lita 54, akaweka mchanga, udongo, mmea wa majini na samaki wawili wa dhahabu. Mambo yakaenda vizuri kidogo, kisha majani yakaoza, maji yakachafuka. Akaongeza konokono. Konokono wakala uozo, mayai yao yakaliwa na samaki, mavi ya samaki yakalisha mmea, na mmea ukarudisha oksijeni. Mwaka 1850 aliwatangazia wenzake wa chama cha wanakemia kwamba amepata usawa: mnyama na mmea wakitegemeana, maji hayahitaji kubadilishwa.

Maneno hayo yalikuwa matamu. Fikiria mtu wa mjini anaambiwa kwamba anaweza kuwa na kipande cha ziwa mezani, kikajitunza chenyewe, bila ndoo, bila jasho, bila mtumishi wa kumimina maji dirishani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki ya kwanza ya umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake *The Aquarium*. Kwa miaka kadhaa watu wa tabaka la kati Uingereza wakapagawa na vioo. Kisha samaki wakafa, vioo vikapata ukungu wa kijani, na vingi vikaishia stoo.

Lakini ile imani haikufa. Maji ya zamani yakawa kama mvinyo, yakasifiwa kwa umri wake. William Alford Lloyd, aliyejenga akwariamu ya Crystal Palace iliyofunguliwa London mwaka 1871, alikuwa na mbinu nzuri kweli: aliweka maji mengi zaidi kwenye hifadhi yenye giza chini ya jengo kuliko yale yaliyoonekana na watazamaji, akayazungusha kwa pampu usiku na mchana. Maji ya bahari yale yale yakadumu miaka. Watu walipotazama wakasema, unaona? Hayabadilishwi! Hawakuona kwamba ukubwa wa ile hifadhi ndio uliokuwa unapunguza makali. Sumu iliyogawanywa kwenye maji mengi inaonekana kama haipo.

Sasa inakuja sehemu ya hadithi hii ninayoipenda kuliko zote. Yule Warington wa samaki wa dhahabu alikuwa na mtoto wa kiume, naye akiitwa Robert Warington, naye mwanakemia. Kijana hakufuata samaki, alifuata mashamba. Alifanya kazi kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akishughulika na swali moja kwa miaka: mbolea ya samadi inageukaje kuwa chakula cha mimea? Mwaka 1877, wanasayansi wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka kwenye mchanga na chokaa, wakaona amonia inaingia juu na naitreti inatoka chini. Walipotia dawa ya usingizi, klorofomu, kazi ikasimama. Maana yake waliokuwa wakifanya kazi ni viumbe hai. Warington mtoto akaendeleza hapo, akaonyesha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili: kundi moja la vijidudu linaigeuza amonia kuwa naitraiti, kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti. Kuwatenga wadudu wenyewe kulimshinda. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu, mwaka 1890.

Ona basi kilichotokea. Baba aliona maji safi na akasema ni kazi ya mmea. Mwana, akiwa shambani wala hafikirii samaki, akapata ufunguo wa tangi la baba yake. Maji ya samaki husafishwa kwa sehemu kubwa na bakteria wasioonekana wanaokaa kwenye changarawe, kwenye kioo, kwenye kila kitu kilicholowa. Mavi na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wanaifanya naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kisha wanaifanya naitreti, ambayo samaki anaweza kuivumilia kwa kiasi.

Kwa kiasi! Hapo ndipo fundo lilipo. Mnyororo wa bakteria hawa unaishia kwenye naitreti. Mimea hula sehemu yake, lakini tangi la kawaida lina samaki wengi na mimea michache. Inayobaki inabaki. Haigeuki mvuke, haitoki dirishani. Inasubiri mtu aje na mpira na ndoo.

Tufanye hesabu kidogo, hesabu ya darasa la sita tu. Una tangi la lita 100. Maji ya bombani kwenu yana miligramu 300 za madini katika kila lita. Kwa hiyo siku ya kwanza tangi lina miligramu 30,000. Kila wiki jua na joto vinakula lita 10, na wewe, mtu mwaminifu, unajazia lita 10. Mvuke umeondoka bila madini, lakini maji uliyoleta yamekuja na miligramu 3,000 nyingine. Baada ya wiki 10 tangi lina miligramu 60,000. Lita ni zile zile 100, alama ni ile ile, kioo kinang'aa, lakini maji yamekuwa mazito mara mbili. Baada ya wiki 20, mara tatu. Hujawahi kukosa hata wiki moja ya kujazia, na uaminifu wako ndio unaoongeza tatizo. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha chumvi.

Sasa ongeza kazi ya pili. Kila wiki, ukishajazia, toa lita 20 na urudishe lita 20 mpya. Madini yatapanda mwanzoni, lakini mwendo wake utapungua, na mwisho yatatulia kwenye kama miligramu 420 kwa lita, hayapandi tena. Kinachoingia kimelingana na kinachotoka. Huo ndio usawa wa kweli ambao Warington baba aliutafuta, na siri yake ni kuwepo kwa mlango wa kutokea.

Wafugaji walioujua ukweli huu kwa nusu walipata ajali nyingine. Tangi lililojaziwa miaka miwili bila kubadilishwa linakuwa na maji yenye asidi, kwa sababu kazi ya bakteria inakula ule ukali wa chokaa unaoyashikilia maji. Samaki waliomo wamezoea polepole, kama watu wanaoishi kwenye moshi. Siku mwenye tangi anapopata ari ya usafi, anamwaga maji yote, anaweka mapya, na kesho yake anaokota maiti. Halafu anaapa: unaona, maji mapya yanaua! Kweli yameua, ila kilichoua ni ghafla. Kwenye maji yenye asidi, amonia hujificha katika umbo lisilodhuru sana. Asidi ikiondolewa ghafla, inarudi kwenye umbo lake la sumu. Usafi wa siku moja hauwezi kulipa deni la miaka miwili.

Tena karne ya 20 ilileta sababu nyingine ya kuyaogopa maji mapya. Mwaka 1908, mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kutia klorini kwenye maji ya bomba mfululizo, na mbinu hiyo ikaenea duniani. Iliokoa watu wengi mno kutokana na homa ya matumbo na kipindupindu. Kwa samaki na kwa wale bakteria wa Winogradsky, klorini hiyo hiyo ni moto. Ndipo ikaja desturi inayojulikana mpaka leo, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam: ndoo ilale usiku kucha bila kifuniko, klorini iondoke, ndipo maji yapewe samaki. Miji inayotumia kloramini badala ya klorini tupu haifaidiki na desturi hiyo, kwa sababu kloramini haiondoki kwa kulala. Inahitaji dawa.

Kwa hiyo mfugaji alifikia kanuni ambayo inaonekana ndogo, lakini imelipiwa kwa vifo vingi: badilisha kidogo, badilisha mara kwa mara, na maji yanayoingia yafanane na yanayotoka. Sehemu ya kumi mpaka robo ya tangi kwa wiki inatosha kwa wengi.

Maji yafanane na nini, lakini? Swali hili likawarudisha wafugaji kwetu. Mwaka 1898, George Albert Boulenger wa jumba la makumbusho la London alieleza samaki wa Ziwa Tanganyika walioletwa na msafiri J. E. S. Moore, na wataalamu wakashangaa wingi wa aina ambazo hazipo kwingine popote. Kufikia miaka ya 1970, samaki hao walikuwa wakisafirishwa hai kwa ndege kutoka Bujumbura na Pierre Brichard, na wale wa Ziwa Nyasa walikuwa wameshatangulia kusafiri. Mjerumani akawanunua, akawaweka kwenye maji laini ya mji wake, wakanyong'onyea. Maji ya Tanganyika ni magumu, yamejaa madini, na pH yake inakaribia 9. Basi wakaanza kuchanganya: soda kidogo, chumvi ya magnesi kidogo, chokaa kidogo, ndoo baada ya ndoo. Mtu wa Ulaya akawa anapika ziwa la Kigoma jikoni kwake kila Jumamosi.

Kwa kupika hivyo walilazimika kuuliza ziwa lenyewe linafanyaje. Jibu ni kwamba maziwa yetu makubwa ni matangi ambayo kubadilishwa kwake kumekuwa kwa mashaka. Stanley alipofika mto Lukuga mwaka 1876, mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na mimea, na maji hayakuwa yakitoka vizuri. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1879, mmisionari Edward Coode Hore aliukuta unatiririka kwa nguvu. Ziwa lilikuwa limepasua kizuizi, na ufukwe wa Ujiji ukarudi nyuma. Ziwa Nyasa nalo lilipita kipindi kama hicho. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi, maji hayakutoka kwenye Shire, ziwa likawa linajaziwa tu. Kisha mdomo ukafunguka. Maziwa hayo mawili yana mlango. Wakati mwingine unafungwa, lakini upo.

Rukwa halina mlango. Miaka elfu nyingi iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi mno, liliwahi kujaa mpaka likafurika kuelekea Tanganyika kupitia upande wa Karema. Siku hizo zimepita. Leo linapokea Songwe, Lupa na mito mingine, na linalipa kwa jua peke yake. Ndiyo maana ukubwa wake haukai. Mwaka 1929 ziwa lilikuwa na urefu wa kama kilomita 50 tu. Miaka 10 baadaye, mwaka 1939, lilikuwa na kama kilomita 128. Mwaka huo huo wa 1939 ilichapishwa ripoti ya Kate Ricardo, mtaalamu wa samaki aliyelitafiti Rukwa pamoja na mwenzake Janet Owen. Ziwa walilolikuta lilikuwa na perege wake, anayeitwa kitaalamu *Oreochromis rukwaensis*, samaki wa bonde hili. Samaki huyo amejifunza kuishi kwenye tangi ambalo mwenyewe hulijazia na kulisahau kwa zamu.

Perege anaivumilia chumvi. Chumvi yenyewe ni mgeni wa zamani, ameizoea kwa vizazi. Lakini mwaka 1922 dhahabu iligunduliwa Lupa, na wachimbaji wakamiminika. Tangu hapo, bonde hili limekuwa likipata aina nyingine ya kujaziwa.

Nafika Mbangala sasa. Wilaya ya Songwe, kama jirani yake Chunya, ipo ndani ya ukanda huo wa dhahabu wa Lupa. Mgodi wa Saza, ulio maarufu tangu enzi za ukoloni, uko wilaya hii hii. Dhahabu imesomesha watoto, imeezeka nyumba kwa bati, imenunua ng'ombe na pikipiki. Sisemi haya kumsuta mchimbaji mdogo, manake njaa haisubiri semina. Lakini dhahabu ya mchimbaji mdogo hukamatwa kwa zebaki. Anaimimina kwenye karai lenye mchanga uliosagwa, zebaki inaikumbatia dhahabu, kisha anaichoma ili dhahabu ibaki. Moshi unapanda na kushuka tena na mvua. Mchanga uliooshwa unabaki kando ya kijito. Masika yakija, kijito kinaamka.

Kinakwenda wapi? Turudi kwenye hesabu ya tangi. Zebaki haiozi, hailiwi na mmea ikaisha, na ikishazama kwenye tope la chini huweza kukaa huko muda mrefu sana. Bakteria wa kwenye tope, ndugu wa mbali wa wale waliotusaidia sebuleni, hapa wanatugeuka: wanaifanya zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia mwilini kirahisi na kutoka kwa shida. Mdudu anaila, samaki mdogo anamla mdudu, samaki mkubwa anamla mdogo, na katika kila hatua kiasi kinaongezeka. Mwishoni mwa mstari kuna sahani, na kwenye sahani kuna ugali, na mbele ya sahani kuna mama mjamzito. Ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumizwa zaidi. Japani walijifunza hivyo kule Minamata, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na mkataba wa dunia kuhusu zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Minamata ilikuwa ghuba ya bahari, yenye mawimbi ya kuingia na kutoka, na bado watu waliangamia. Rukwa ni beseni. Mtu wa kando ya mto unaokwenda baharini anaweza kujidanganya kwamba uchafu wake umeshakwenda zake. Ni uongo, lakini angalau mto unamsaidia kuusema. Mtu wa bonde la Rukwa hana hata uongo huo. Kila kinachotupwa kwenye vijito vya huku kina anwani moja.

Wengine husema ziwa ni kubwa, litameza. Ndivyo walivyosema waliotazama vioo vya Crystal Palace bila kushuka kuiona ile hifadhi ya gizani. Ukubwa huchelewesha hesabu, haufuti. Wengine husema mvua zikiwa nyingi ziwa linajisafisha. Mvua nyingi zinajazia. Mwaka wa mvua, ziwa linapanuka, maji yanaonekana mapya, wavuvi wanafurahi, na wana haki ya kufurahi. Ila hakuna ndoo iliyotoka. Mwaka wa ukame utakapokuja, maji yale yale yatajikunja kwenye eneo dogo pamoja na kila kilichomo, na samaki watakuwa humo humo.

Mwenye tangi la sebuleni ana mikono miwili: mmoja wa kutoa, mwingine wa kutia. Kwa Rukwa mkono wa kutoa haupo, na hakuna mpira mrefu wa kulinyonya ziwa ukayamwage maji kwenye migomba. Umebaki mkono mmoja tu, ule wa kutia, na mkono huo uko Mbangala, uko Saza, uko Galula, uko kwenye kila kijito kinachoamka masika. Mitambo ya kunasa moshi wa zebaki inajulikana na si ya ajabu. Kuchenjua dhahabu kwa mtetemo na uzito wa mchanga kabla ya kugusa zebaki kunajulikana pia. Kuoshea mchanga kwenye bwawa lililofungwa, mbali na kijito, ni kazi ya jembe. Hakuna kati ya hayo kinachomtaka mchimbaji aache dhahabu. Yanamtaka ajue tu kwamba tangi analolijazia halina mahali pa kumwagia.

Fundi wa birika la Lamu alipachika bakuli la kaure kwa sababu alimfikiria samaki kabla ya siku ya shida. Chini ya Rukwa hakuna aliyepachika bakuli. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila anayeshika karai leo ni dogo, na linajibika: hicho unachokimwaga, ungekubali kikae mezani kwako?